Kuchora kumbukumbu kwa nta: ushauri kwa anayeanza

Anayeanza kuchora kwa nta ya nyuki huja na vitu vyake mkononi: picha ya bibi iliyopigwa studio, barua ya mjomba kutoka Muscat, kipande cha kanga, tiketi ya basi. Hubandika vyote kwenye ubao mmoja, akavipaka nta, akapuliza moto, akarudia. Jioni anabaki na ukungu wa njano ambamo bibi haonekani wala barua haisomeki. Mara nyingi mkono wake hauna kosa. Alichokosa ni kuamua mapema kipi kikae chini kabisa, kipi katikati, na kipi juu kabisa. Kwenye nta, kina ndicho kinachobeba maana: kilicho chini kinasomeka kama kilichopita au kilichofichwa, kilicho juu kama kilichopo. Joto, vipimo na aina ya ubao ni vya kuulinda uamuzi huo usiharibike njiani.

Mbinu hii, enkaustiki, ni ya kale. Zile picha za nyuso kutoka Fayum nchini Misri, za karne ya kwanza hadi ya tatu, nyingi zilichorwa kwa nta yenye rangi juu ya mbao nyembamba, zikawekwa usoni pa maiti zilizokaushwa na kuviringishwa sanda. Picha takatifu (ikoni) ya Kristo iliyoko kwenye monasteri ya Mtakatifu Katarina, Sinai, ya karne ya 6, nayo ni ya nta. Katika sanaa ya kisasa kazi inayotajwa zaidi ni Flag ya Jasper Johns ya 1954–55, iliyoko MoMA, jumba la sanaa ya kisasa la New York: bendera ya Marekani iliyojengwa kwa vipande vya magazeti na nta, na ukiisogelea unaona maandishi chini ya mistari. Itazame hiyo kwa makini hata kama ni kwenye simu, maana inaonyesha kazi moja inayoweza kusomwa mara mbili: mara ya kwanza kwa mbali, mara ya pili kwa karibu.

Nta yenyewe

Mchanganyiko wa msingi, ambao wachoraji huuita midiamu, una vitu viwili tu: nta ya nyuki iliyochujwa na utomvu mkavu uitwao damari. Anza na sehemu 8 za nta kwa 1 ya damari, kwa uzito: gramu 800 kwa gramu 100. Damari huifanya nta iwe ngumu, istahimili joto zaidi kidogo na ikubali kung'arishwa. Ukifika 4 kwa 1 uso unang'aa vizuri lakini hupasuka ukigongwa pembeni. Ukiiacha damari kabisa kazi itabaki laini, itashika vumbi na alama za vidole.

Kwa aliye Tanzania, nta ya Tabora na mikoa ya miombo inapatikana, ila ile inayotoka moja kwa moja kwa mrina asali huja na mabaki ya masega, chavua na gundi ya nyuki. Isafishe hivi: weka maji nusu sufuria, tia nta, yeyusha kwa moto mdogo bila kuyaacha maji yatokote kwa nguvu, chuja kwa kitambaa cha pamba, funika, acha ipoe polepole usiku kucha. Asubuhi utatoa donge gumu lenye uchafu wa kijivu upande wa chini. Ukwangue kwa kisu. Rudia mpaka sehemu ya chini itoke safi. Kisha acha donge likauke vizuri, kwa sababu maji yaliyojificha ndani yataruka na kukuchoma ukipandisha joto kupita nyuzi 100. Tumia sufuria ya alumini au ya chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida na shaba huifanya nta iwe nyeusi au ya kijani.

Mishumaa ya dukani ni parafini kwa sehemu kubwa. Haifai kuwa msingi wa kazi: inapopoa hukaa kama chumvi, hupasuka, na haishikani vyema na tabaka lililo chini. Nta ya nyuki iliyochanganywa na parafini ni tatizo la sokoni pia. Vunja kipande kilichopoa vizuri: nta safi huvunjika ikiwa na chembechembe kama za sukari, na ina harufu ya asali hata ikiwa kuukuu. Isiyonuka kitu na inayoteleza kama sabuni, iache.

Neno kuhusu sandarusi, utomvu mgumu wa miti, kwa kuwa wa pwani huuliza. Sandarusi ya Zanzibar na Mrima ilisafiri sana karne ya 19 kwenda kutengenezewa vanishi Marekani na Ulaya, na wazo la kuitumia badala ya damari linavutia, hasa kwa kazi inayohusu kwenu. Haitakubali. Ile ya kuchimbwa ardhini ni ngumu mno. Huyeyuka kwenye joto ambalo nta ingekwisha kuungua zamani. Ubani nao una gundi inayoyeyuka kwa maji, kwa hiyo huacha makapi yasiyochanganyika. Ukivitaka kwenye kazi, vitumie kama vitu vya kutazamwa, usivifanye viungo vya midiamu.

Kupika midiamu: ponda damari iwe kama chumvi ya mawe. Yeyusha nta ifike nyuzi 90, tia damari, pandisha taratibu hadi 105 au 110, koroga kwa mwiko. Itanata kama ulimbo kwanza, usiogope. Kwa kawaida huchukua saa moja au zaidi kuisha. Vipande vya magamba ya mti hutua chini. Chuja ikiwa moto, mimina kwenye vikombe vya silikoni vya kuokea keki, na utapata vidonge vya kutumia miezi mingi. Kazi hii ifanyie uani au kwenye baraza. Usikubali ushauri wa kuyeyusha damari kwa tapentaini: mvuke wake juu ya jiko la moto ni sumu, tena unashika moto.

Joto, kabla ya kushika brashi

Nunua kipimajoto kabla hujanunua rangi. Nta ya nyuki huyeyuka kati ya nyuzi 62 na 65. Joto la kufanyia kazi ni 80 hadi 93. Ukiona moshi, hata mwembamba, umeshapita. Nta iliyozidi joto hutoa gesi inayochoma macho na koo, na kuumwa kichwa jioni baada ya kuchora ni dalili hiyohiyo. Dirisha lililo wazi peke yake halitoshi. Weka feni dirishani ikiangalia nje, jiko liwe kati yako na feni, hewa ipite kwako kwanza ndipo ipite kwenye nta.

Kifaa kinachofaa ni kikaango bapa cha umeme chenye kidhibiti cha joto, ambacho makopo madogo ya samaki aina ya jodari hukaa juu yake, kila kopo na rangi yake. Jiko la mkaa halidhibitiki na lina miale. Nta ndani ya sufuria iliyokaa kwenye maji ya moto ni salama, na inatosha kabisa kwa kuyeyusha midiamu iliyokwisha kupikwa. Kwa kupika damari haitoshi, kwa kuwa maji hayapiti nyuzi 100. Umeme ukikatika katikati ya kazi, zima swichi za vyombo vyote. Kikaango kilichosahaulika kikiwa kimewashwa, umeme ukirudi usiku, ndicho chanzo cha moto wa studio.

Nta ikishika moto, funika kwa kifuniko, zima umeme. Maji hayamwagwi kamwe, yataisambaza. Weka mtungi wa unga wa kuzimia moto karibu na mlango, si nyuma ya jiko. Ikikumwagikia mkononi, weka mkono chini ya maji yanayotiririka kwa dakika 20, na usiibandue kwa nguvu ile iliyogandamana na ngozi, hospitali wataitoa. Na sufuria iliyoingia kwenye kazi hii hairudi jikoni.

Ubao

Nta haipindi. Turubai iliyotandazwa kwenye fremu hupwaya ukiigusa na tabaka zima hupasuka, kwa hiyo tumia plaiwudi ya milimita 12, au ya milimita 6 iliyopigiliwa fremu nyuma ili isipinde. MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, inakubali, lakini kwenye unyevu wa Mombasa au Tanga hufura kingo. Piga msasa namba 120 kisha 180, futa vumbi, basi. Uso uwe unanyonya: nta hushika kwa kuingia ndani ya nyuzi za mti.

Kosa linaloangusha kazi nyingi ni kupaka rangi nyeupe ya ukuta au jeso ya akriliki (rangi ya msingi ya wachoraji) kwanza, kama tulivyozoea kwenye turubai. Akriliki ni plastiki. Nta hukaa juu yake bila kushika, na baada ya muda hubanduka kipande kizima. Ukitaka weupe chini, na kwa kazi za picha na kitambaa utautaka, changanya rangi nyeupe ya titani kwenye midiamu na uipake kama tabaka la kwanza na la pili. Ukiacha mti mtupu, kumbuka kwamba kila kilicho juu yake kitachukua rangi ya kahawia.

Nyuma ya ubao paka vanishi au rangi ya mafuta. Nta mbele huzuia unyevu, nyuma pakiwa wazi ubao hunyonya upande mmoja na kupinda. Bungua nao hupenda kuanzia huko.

Kupaka na kuunganisha

Brashi ziwe za manyoya halisi. Za nailoni hujikunja na kuyeyukia ndani ya rangi yako. Kila rangi iwe na brashi yake, maana hazioshwi: ziache zigande, kesho uziweke kwenye kikaango zilainike.

Pasha ubao kwanza hadi uhisi uvuguvugu kwa kiganja. Nta ikikutana na ubao baridi hugandia juu badala ya kuingia. Paka midiamu tupu kwa mapigo marefu, upande mmoja. Kisha tumia kipulizio cha hewa moto, kile mafundi hutumia kubandulia rangi ya zamani, kwa umbali wa sentimita 10 hadi 15, ukikizungusha bila kusimama. Tazama uso kwa ubavu, kwenye mwanga: nta hupoteza ufifi, inang'aa, na mng'ao huo unatembea pamoja na hewa. Hapo imeungana na kilicho chini. Sogea. Usingoje itiririke.

Hatua hii hairukwi kwa tabaka lolote, hata lililo jembamba kama karatasi. Matabaka yasiyounganishwa yanaonekana sawa leo. Mwakani, ubao ukianguka au ukipita kwenye baridi, hubanduka kama magome. Kuzidisha nako kuna gharama: rangi huanza kuogelea, mstari uliouchora jana unapanuka, viputo vinapanda kutoka kwenye mti. Viputo vikizidi sababu karibu kila mara ni mti uliopashwa haraka. Hewa iliyomo ndani inatafuta njia. Ongeza midiamu tupu mara mbili mwanzoni, polepole, na vitapungua.

Mashine ya kukaushia nywele haifikishi joto linalotakiwa. Tochi ya gesi ni kali na hufanya uso laini kama kioo, lakini juu ya karatasi ni balaa. Subiri mpaka umezoea. Pasi ya umeme isiyo na matundu ya mvuke, ikiwekwa kwenye joto la chini, hufaa kwa kusawazisha uso mpana. Ile ya mkaa itakuachia majivu ndani ya picha.

Kuhusu kiasi: tabaka moja la unene wa milimita 0.2 kwenye ubao wa sentimita 30 kwa 30 linakula gramu 17 hivi za midiamu. Matabaka kumi ni gramu 170, kabla ya kinachobaki kwenye brashi na makopo. Andaa robo kilo kwa ubao kama huo na hutakwama katikati.

Rangi

Rangi ya mafuta ya tyubu inafaa ukiipunguza mafuta: ikamue juu ya kadibodi, iache usiku kucha, kisha changanya kinachobaki kwenye midiamu. Mafuta yakizidi nta haigandi vizuri. Rangi ya unga ni bora zaidi, ila vaa barakoa wakati wa kuichanganya, na zenye risasi au zebaki zikae mbali na joto kabisa. Udongo mwekundu wa kwenu ni rangi nzuri na haupauki: uloweke, chuja mara kadhaa kwa kitambaa cha kanzu kuukuu, acha utue, ukaushe kabisa juani, usage, ndipo uutie. Ukiwa na unyevu kidogo tu nta italipuka matone.

Manjano na hina ni mtego. Harufu na rangi yake inawarudisha wengi jikoni kwa mama, hivyo hutumiwa sana, na manjano hufifia kwenye mwanga ndani ya muda mfupi sana. Kama jikoni lazima liwepo, tumia rangi ya njano ya udongo.

Nta ya njano nayo inahitaji tahadhari. Bluu ya bahari itageuka kijani, weupe wa kanzu utakuwa wa maziwa ya zamani. Unaweza kuipausha: ikwangue iwe vipande vyembamba kama karatasi, itandaze kwenye kitambaa cheupe kilichoinuliwa kutoka sakafuni, juani asubuhi, igeuze kila siku, iondoe jua likiwa kali kabla haijashikana. Uvumilivu unahitajika. Kuna wanaoiacha njano kwa makusudi kwa sababu inakipa kila kitu sura ya zamani, hata risiti ya juzi. Ni uzee wa bure, na mtazamaji aliyewahi kuona kazi tatu za nta huutambua.

Vitu vyenyewe

Kabla ya chochote: usizike cha asili. Barua, cheti, picha pekee ya marehemu, vyote vitolewe nakala kwanza, na nakala ndiyo iingie kwenye nta. Kilichoingia hakitoki.

Karatasi ikilowa nta inakuwa wazi. Ndilo jambo la kwanza la kujifunza kuhusu barua: iliyoandikwa pande mbili itasomeka pande zote mbili kwa pamoja, mwandiko juu ya mwandiko. Wengine wanaupenda mchanganyiko huo. Kama huutaki, nakili upande mmoja. Wino wa kalamu ya biki na wa kalamu za rangi hutanuka kwenye nta ya moto, hivyo jaribu kwenye kipande pembeni. Karatasi bora ni nyembamba na inayonyonya: ya fotokopi nyepesi, ya kufungia, ya mchele. Nyuma ya karatasi pakiwa na hewa itabaki doa jeupe lisiloondoka. Ndiyo maana unaipaka midiamu nyuma, unailaza, unaisugua kutoka katikati kwenda kingo, unapaka juu, unaunganisha.

Picha za studio za siku hizi zina plastiki pande zote mbili. Nta haiingii, kingo zitainuka baada ya wiki. Zichapishe upya kwa printa ya leza kwenye karatasi nyembamba. Picha za nyeusi na nyeupe za miaka ya nyuma zilikuwa za karatasi halisi, lakini hizo ndizo usizozika.

Tiketi za basi na risiti za mashine ya EFD (ile ya kutolea risiti za kodi dukani), ambazo kila mtu anazo mkobani, zimechapwa kwenye karatasi inayoitikia joto. Ukizipuliza zinakuwa nyeusi papo hapo, herufi zote zimemezwa. Toa fotokopi. Au acha moja iungue kwa makusudi, ikiwa unajua kwa nini. Safari iliyofutika ni mada halali.

Kanga ifuliwe kwanza kwa maji moto na sabuni, mara mbili ikiwa mpya, kuondoa wanga wa kiwandani unaozuia nta. Vuta uzi mmoja uuchome: pamba huungua kama karatasi na kubaki majivu, ya sintetiki hujikunja kuwa kishanga kigumu. Hiyo ya pili haifai, itasinyaa chini ya hewa moto. Kitambaa kikilowa hukolea rangi na kuwa wazi, kwa hiyo chini yake pawe na weupe la sivyo mji wa kanga utazama kwenye mti. Fikiria sehemu unayoikata. Pindo linatambulika kwa mbali hata likiwa chini ya matabaka manne. Jina halivumilii zaidi ya mawili, na nusu ya jina mara nyingi ina nguvu kuliko jina zima, kwa kuwa anayelijua atalimalizia mwenyewe na asiyelijua atajua kuna kitu amenyimwa.

Mchanga wa pwani uoshwe kwa maji baridi mpaka chumvi iishe. Chumvi huvuta unyevu na kutoa ukungu juu ya nta miezi baadaye. Majani, maua, manyoya: makavu kabisa, yasiyo na mafuta. Karafuu na mbegu zenye mafuta hulainisha nta inayozizunguka.

Kuna namna ya kuhamisha picha bila karatasi. Chapisha kwa leza au fotokopi, kwa kuwa wino wa unga ndio unaohama. Wino wa majimaji utavurugika. Geuza picha kushoto-kulia kwenye kompyuta, la sivyo maandishi yatasomeka kinyume. Uso wa nta uwe laini na uliopoa. Laza picha kifudifudi, sugua kwa mgongo wa kijiko kwa nguvu, kila pembe, dakika kadhaa. Lowesha karatasi kwa sponji, ingoje inywe, kisha isugue kwa kidole mpaka itoke kama vumbi la ufutio. Nyuzi nyeupe zinazobaki hupotea ukipaka midiamu juu. Kausha kabla ya kupuliza, na kupuliza kuwe kwa mbali, sentimita 20, kwa muda mfupi: wino umekaa juu tu, joto likizidi uso wa mtu unapasuka vipande. Wapo wanaoupasua kidogo kusudi. Jaribu kwenye ubao wa mazoezi, maana hakuna kurudi nyuma.

Kupanga kina

Chukua karatasi uandike ngazi tatu. Chini: kinachotakiwa kuhisiwa zaidi kuliko kusomwa, kwa mfano ramani ya mtaa, mwandiko, muundo wa kitambaa. Katikati: umbo linalobeba picha. Juu: kitu kimoja kinachoonekana wazi. Kisha hesabu. Midiamu tupu iliyo safi inaruhusu kuona vyema kilicho chini ya matabaka mawili. Ikifika manne uso wa mtu unakuwa kivuli. Zaidi ya sita ni rangi tu. Kwa hiyo ukitaka uso usomeke, usiuweke chini halafu uendelee na kazi siku nzima juu yake.

Kukwangua ndiko kunakoitofautisha nta na gundi ya kawaida ya kolaji, yaani picha ya vipande vilivyobandikwa. Ikiwa vuguvugu, wembe au kisu cha mfinyanzi hushusha tabaka moja bila kugusa la chini, na kilichokuwa kimefichwa kinajitokeza kwenye kidirisha kidogo. Ili ufanye hivyo bila kubahatisha, tia rangi hafifu kwenye kila tabaka la tatu. Ukiifikia unajua uko wapi. Mistari huchorwa kwa sindano nta ikiwa imepoa kiasi, kisha unasugua rangi ya mafuta juu na kuifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya kula kidogo. Inabaki ndani ya mfereji tu. Njia, reli, mpaka, jina la kijiji, vyote hukaa vizuri hivi.

Kuhusu kwenu na ugeni, ambayo ndiyo mada inayowaleta wengi kwenye nta, hasa walioko Oman, Ulaya na Marekani: jihadhari na picha ambazo watalii pia wanazo. Jahazi na mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe vimechorwa na watu wengi mno kubeba kumbukumbu ya mtu mmoja. Kibandiko cha begi cha uwanja wa ndege, daftari la deni la duka, kipimo cha mshonaji chenye jina la mteja, hivyo vina anwani. Na nyuso za walio hai ziombewe ruhusa. Shangazi aliyekupa picha kwa ajili ya albamu hakukupa kwa ajili ya maonyesho, na mazungumzo ya kumwomba mara nyingi hutoa tarehe na majina yaliyokosekana.

Baada ya kukamilika

Nta huendelea kukakamaa kwa miezi sita na zaidi. Wakati huo uso unaweza kupata ukungu mweupe mwembamba, hasa kwenye baridi. Ufute kwa kitambaa laini cha pamba, mng'ao utarudi. Usiweke kioo kinachogusa kazi. Fremu yenye nafasi pembeni inalinda kingo, ambazo ndizo huanza kumeguka.

Ndani ya nyumba, hata Dar es Salaam mwezi Februari, hakuna hatari, mradi jua lisiipige moja kwa moja. Kinachoua ni gari lililoegeshwa juani: ndani yake joto hufika mahali ambapo nta hulainika na kunasa chochote kilichoigusa. Upande wa pili, chini ya nyuzi 4 hivi inakuwa tete, kwa hiyo anayetuma kazi Toronto au Oslo asitume Januari. Funga kwa karatasi ya kuokea isiyonata kwanza, kisha plastiki yenye viputo, viputo vikiangalia nje. Vikiangalia ndani vitaacha alama za duara. Andika nyuma ya ubao, kwa penseli, vilivyomo kwa mpangilio kuanzia chini, kipimo cha midiamu na mwezi wa kazi, ili atakayeikarabati ajue anagusa karatasi, kitambaa au wino kabla hajawasha moto.